Kuwatazama manati Crystal River: snorkeli au mtungi?

#1 Pweza wa Tandale

Wakuu, salaam. Kuna kundi la watu wanne, wawili wanatoka Dar na wawili wanatoka Houston, wanakutana Florida Januari na wametenga siku mbili za mji wa Crystal River kuwaona manati, wale wanyama wakubwa wa majini wanaokula nyasi. Wawili wana vyeti vya kuzamia vya Nungwi, wawili wanajua kuogelea kidogo tu. Ubishi umeshaanza kwenye grupu la WhatsApp. Wenye vyeti wanataka mitungi ya hewa ikodiwe, eti snorkeli (ule mrija wa kupumulia ukielea juu) ni ya watoto. Wengine wanasema kina chenyewe hakizidi mita tatu, mtungi wa nini?

Naomba wajuzi mshuke hapa na sababu. Jibu la "inategemea" halafu mtu anapotea, hapana.

#2 Fundi Regyuleta

Snorkeli, mkuu. Tena sababu ya kwanza wala si ya kiufundi, ni sheria. Three Sisters Springs, chemchemi ambako ndiko kila mtu anataka kwenda, kuzamia na mtungi hakuruhusiwi. Pako chini ya hifadhi ya taifa ya wanyamapori ya Crystal River, iliyoanzishwa 1983 kwa ajili ya manati hasa. Kati ya 15 Novemba na 31 Machi hata kayaki haiingii mle ndani. Boti inakaa nje, mtu anaingia kwa kuogelea kupitia kijia chembamba. Kwa hiyo hao wawili wa Nungwi wakikodi mitungi watabaki nje ya lango.

Sababu ya pili ni mnyama mwenyewe. Manati wa Florida ana urefu wa mita 3 hivi na uzito wa kilo 400 hadi 500 na ushee, lakini mafuta chini ya ngozi ni kidogo na mwili wake unazalisha joto polepole. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 anaanza kuumwa baridi. Chemchemi za Kings Bay, ghuba ya hapo Crystal River, zinatoa maji ya nyuzi 22 mwaka mzima, ndiyo maana wanajazana humo Januari. Hawaji kucheza, wanakuja kuota moto. Ukimshtua akatoka kwenye chemchemi akaenda kwenye maji ya nje yenye nyuzi 15 au 16, umemtoa mgonjwa kitandani.

Sababu ya tatu ni pumzi. Akiwa amelala anaweza kukaa chini hadi dakika 20. Akiwa anatembea hupanda kila dakika 3 hadi 5. Na kila akipanda, anapandia pale pale ambapo mapovu ya mzamiaji yanapasukia. Katika kina cha mita 2 mapovu hayana nafasi ya kutawanyika. Yanapanda kama sufuria inayochemka, chini ya tumbo lake au mbele ya pua yake.

#3 Kasa wa Mkunguni

Napinga kidogo, Fundi. Tuache Three Sisters, maana sheria ni sheria. Ila Kings Bay ni kubwa, na nje ya maeneo yaliyozungushiwa kamba mtungi haujakatazwa kila mahali.

Hoja yangu: mtu wa snorkeli asiye na nidhamu anasumbua kuliko mzamiaji mzuri. Anapiga mapezi (yale ya mpira ya kuvaa miguuni) juu ya maji, anatapatapa, anataka kusimama, anatifua tope. Mzamiaji anayejua kazi anashuka, anatulia umbali wa mita tano, anapumua taratibu, hasogei. Manati anaendelea kula nyasi zake. Huyo nani kamsumbua? Miamba ya Mnemba, Zanzibar, tunaona kila siku: kundi la snorkeli ndilo linalofukuza pomboo, wazamiaji wako chini wametulia.

#4 Fundi Regyuleta

Hoja ya Mnemba ni nzuri, lakini pale kina ni mita 10 hadi 20. Kwenye mita 1 na nusu huyo "mzamiaji aliyetulia" hayupo. Ngoja nieleze kwa nini.

Gesi inabadilika ujazo kwa kasi zaidi karibu na uso wa maji kuliko chini. Ukipanda kutoka mita 3 hadi mita 1, shinikizo linatoka baa 1.3 hadi 1.1 (baa ni kipimo cha shinikizo), kwa hiyo hewa ndani ya jaketi la kuelea, lile la mzamiaji linalotiwa na kutolewa hewa kwa kitufe, inavimba karibu asilimia 18. Ukipanda kutoka mita 20 hadi 18, mita mbili zile zile, inavimba asilimia 7 tu. Maana yake, katika kina kifupi pumzi moja kubwa inakunyanyua, ukiitoa unakaa kwenye tope. Mkono hautoki kwenye kitufe. Psss, unatia hewa. Psss, unaitoa. Hicho kelele kinamfikia manati vizuri kabisa, kwa sababu masikio yake yanasikia sauti kali za juu kuliko mingurumo ya chini.

Halafu kuna mtungi wenyewe. Ule wa alumini wa kawaida, lita 11, ukijazwa baa 200 una lita 2,200 hivi za hewa. Ukirudi na baa 50 umetumia lita 1,650, na lita moja ya hewa ni gramu 1.2, kwa hiyo mtungi umepungua kilo 2. Ili usipae mwishoni, lazima uanze ukiwa mzito kwa kilo 2. Mwenye mita 15 za maji anacheza na jaketi na haoni shida. Mwenye mita 2 anaanza akiwa amelala kwenye tope na anamaliza akiwa anaelea kama boya.

Na maji yale ni ya chemchemi, si ya bahari. Mtu wa Nungwi akifunga risasi zake za kawaida, yaani vile vipande vizito vya kumzamisha, anazama kama nanga. Yeye na vifaa vyake wakiwa kilo 100, tofauti ya maji chumvi na maji baridi ni karibu asilimia 2.5, yaani anatakiwa apunguze kilo 2 na nusu. Wengi hawapunguzi.

Tope la Kings Bay ni laini kama unga wa sembe. Pezi moja likigusa chini, dakika kumi hakuna anayeona kitu, na nyasi zilizopandikizwa upya kwa gharama kubwa zinang'oka. Hizo nyasi ndizo chakula. Mwaka 2021 walikufa manati 1,100 hivi Florida, wengi kwa njaa, baada ya nyasi za upande wa mashariki kwenye Indian River Lagoon kufa kwa maji machafu.

#5 Kasa wa Mkunguni

Hapo kwenye jaketi umenikamata. Nakubali kwa mita 2. Mita 6 kwenda chini bado nabaki na msimamo wangu.

#6 Binti Tampa

Niongezee upande wa kanuni, maana watu wakifika pale wanashangaa. Kanuni za Kings Bay za 2012 zinataja vitendo kimoja kimoja. Hairuhusiwi kumfukuza au kumfuata manati, kumgusa aliyelala au anayekula, kuzama kutoka juu kumwendea aliyelala au anayekula, kumzingira, kumshika, kumpanda, kusimama juu yake, kumtenga mama na mtoto, wala kumpa chochote ale au anywe. Hata maji ya bomba kwa mpira wa bustani, ambayo watu hudhani ni wema, ni kosa.

Someni hapo kwenye "kuzama kutoka juu". Hii inawahusu watu wa snorkeli pia. Wale wanaojua kuzama kwa pumzi moja ndio wasumbufu wakubwa, wanadhani bila mtungi wako huru. Pale unabaki juu, basi.

Kwa sheria ya shirikisho, faini inafika dola 50,000 au jela mwaka mmoja, au vyote viwili. Maeneo yaliyozungushiwa maboya na kamba hayaingiliki kwa mtu, boti wala mkono wenye kamera. Manati akitoka humo akaja kwako, sawa. Wewe usivuke.

Na kuna siku baridi inakuwa kali mno, manati wamejaa, Three Sisters inafungwa kwa waogeleaji. Siku mbili ni kidogo kwa hiyo. Wakifungiwa, kuna njia ya mbao juu ya chemchemi, wanatazama kutoka nchi kavu na wanaona vizuri kwa sababu maji ni kioo.

#7 Msafiri wa Kisumu

Sasa wale wawili wa kuogelea kidogo? Wanapewa life jacket?

#8 Binti Tampa

Life jacket inamsimamisha mtu wima, na mtu aliyesimama wima anapiga miguu kama anaendesha baiskeli. Hapo tope linaamka na manati anapigwa teke. Waongozaji wengi wa kule wanatoa fimbo ya sponji, ile ndefu ya rangi rangi ya bwawa la watoto. Inapita kifuani chini ya makwapa. Ukiongeza wetsuti, ile nguo ya mpira ya kuzuia baridi, kamili ya milimita 3, inayobeba kilo 2 au 3 yenyewe, mtu hazami hata akitaka.

Mkao ni huu: tumbo chini, mwili umelala sambamba na maji, mikono imekunjwa chini ya kifua, magoti yamekunjwa kidogo ili vidole vya miguu visining'inie. Kusogea ni kwa viganja viwili, polepole, kama mtu anayesukuma mlango. Mapezi waache kwenye boti. Manati ana vinywele vya hisia usoni na mwili mzima, husikia mtikisiko wa maji hata kabla hajakuona. Miguu isiyopiga ndiyo tofauti kati ya manati anayebaki na anayehama.

Mwenye wasiwasi afanye mazoezi bwawani kwanza, dakika tano za kuelea bila kusogea huku anapumua kwa snorkeli. Akishindwa hapo, asiende kujifunzia juu ya mnyama.

#9 Mama Twalha

Wanawake wa kundi wanavaa hijabu, na mmoja ana rasta. Maski inakaaje?

#10 Fundi Regyuleta

Swali zuri, dada, na linasahaulika. Mpira wa maski lazima ukae juu ya ngozi tupu kuzunguka paji, mashavu na chini ya pua. Uzi mmoja wa kitambaa au unywele mmoja ukipita chini yake, maji yanaingia mpaka mwisho. Kofia ya neoprini (mpira ule ule wa wetsuti) au ya kuogelea inayofunika kichwa na shingo ndiyo suluhisho. Ivaliwe kwanza, ukingo wake urudishwe nyuma kidogo hapo paji, maski ikae kwenye ngozi, mkanda upite juu ya kofia. Wetsuti yenye kofia yake nayo inafaa.

Rasta zifungwe chini, usawa wa shingo. Zikifungwa juu kichwani mkanda unateleza. Mkanda wa kitambaa cha neoprini haung'ang'anii nywele kama ule wa silikoni.

Maski mpya ina utando wa kiwandani unaoleta ukungu. Sugua kioo kwa ndani na dawa ya meno nyeupe, ile ya kawaida isiyo jeli, mara mbili tatu, usiku wa kabla ya safari. Asubuhi mate yanatosha. Ukungu ukija ukiwa majini, usiivue maski. Ingiza maji kidogo, yazungushe, yatoe kwa kupuliza puani.

Snorkeli yenyewe: mirija mirefu ni upuuzi. Zaidi ya sentimita 40 hivi, shinikizo la maji kifuani linakuzuia kuvuta, na hewa chafu inabaki kwenye mrija. Tazama chini mbele yako kidogo tu. Ukiinua kichwa kutafuta manati wa mbali, ncha ya snorkeli inalala majini na unakunywa. Ukikohoa na kupuliza kwa nguvu umewaamsha wote. Barakoa za uso mzima mimi sizipendekezi, kwa sababu ikiingia maji huwezi kuitema kwa haraka kama mrija wa kawaida, na nyingine hazitoi hewa chafu ipasavyo.

#11 Kijana wa Kigamboni

Vipi ribriza, kile kifaa cha kuzamia kinachosafisha pumzi na kuirudisha uivute tena? Haitoi mapovu. Si ndiyo jibu la ubishi wote?

#12 Fundi Regyuleta

Mapovu hayapo, matatizo mengine yapo. Kwenye ribriza huwezi kurekebisha kuelea kwa pumzi, hewa inahama tu kutoka pafuni kwenda kwenye mfuko, na kuelea ndiko kulikotusumbua hapo juu. Bado ni mtungi mbele ya sheria. Na ni bei ya pikipiki mbili kumtazama mnyama aliye mita moja kutoka puani kwako. Pita mbele.

Kitu ambacho wenye vyeti wanapaswa kukumbuka: kina kifupi si salama zaidi kwa pafu. Mtu aliyejaza mapafu kwa regyuleta (kile kifaa cha mdomoni kinacholeta hewa ya mtungi) akabana pumzi na kupanda mita 1.2 tu anaweza kupasuka pafu na hewa ikaingia kwenye damu. Na pale ndipo watu wanapobana pumzi, kwa sababu manati amewasogelea na hawataki kumshtua kwa mapovu. Mtu wa snorkeli amevuta hewa ya juu, akibana haimdhuru.

#13 Mwana Kilwa

Nimrudie Kasa, kwa sababu ana haki mahali fulani. Nendeni Marsa Alam, Misri, ghuba kama Abu Dabbab na Marsa Mubarak. Pale ni nguva, binamu ya manati, mwenye mkia wa pembe mbili kama wa pomboo. Anakula nyasi za baharini chini, mita kadhaa, anapanda kila baada ya dakika chache kuvuta pumzi. Huko boti zinamwaga watu 30 wa snorkeli, wote wanamkimbilia pale anapopandia. Anakosa mahali pa kutoa pua. Mzamiaji aliyekaa chini pembeni, hamkatizi njia, hana shida naye.

Kwa hiyo kanuni ninayoitumia: mnyama amelala kwenye maji mafupi na uso wa maji ni wake, kaa juu, tulia, bila mtungi. Mnyama anakula chini kwenye kina na anapanda peke yake kupumua, mwachie uso wa maji. Mzamiaji abaki chini, asimfuate akipanda.

Kwetu swali hilo halipo kwa bahati mbaya. Nguva wa Afrika Mashariki waliwekwa kundi la walio hatarini kabisa kutoweka mwaka 2022, na waliobaki wengi wako Bazaruto, Msumbiji. Huku Rufiji hadi Kilwa akionekana ni yule aliyenasa kwenye jarife. Ukiona mtu anauza "safari ya kuogelea na nguva" pwani yetu, anakuuzia hewa.

#14 Msafiri wa Kisumu

Na Blue Spring? Nimeona picha za mamia ya manati.

#15 Binti Tampa

Blue Spring, kwenye mto St. Johns, ni ya kutazama kutoka njia ya mbao tu. Msimu wa manati hakuna kuogelea, hakuna snorkeli, hakuna mtungi, hakuna mtumbwi. Januari 2024 walihesabiwa zaidi ya 900 kwa siku moja. Kama kundi lina wazee au wasiojua maji kabisa, hiyo ndiyo siku ya pili ya ratiba, na si mbali sana na Orlando kwa gari.

#16 Pweza wa Tandale

Nimeelewa, wakuu, na grupu limetulia. Wa Nungwi wameuliza mawili ya mwisho. Wetsuti ya milimita ngapi? Na wakitaka kuzamia sehemu nyingine safari hiyo hiyo, waipange lini?

#17 Fundi Regyuleta

Milimita 5, kamili, ya mikono na miguu mirefu. Nyuzi 22 kwa mtu wa Dar anayepiga mbizi kwenye nyuzi 28 ni baridi, na ukielea bila kusogea mwili hauzalishi joto. Kwa milimita 3 saa moja ndiyo mwisho, halafu meno yanagongana, miguu inaanza kupiga yenyewe. Milimita 5 inaelea zaidi, na hapa ndicho tunachotaka. Risasi msifunge hata moja. Soksi za neoprini badala ya mapezi. Kofia kama ipo.

Baridi kali iko kwenye boti baada ya kutoka, si majini. Asubuhi ya Januari hewa inaweza kuwa nyuzi 5 na upepo juu. Taulo kubwa, koti la upepo, chai kwenye thermosi, nguo kavu kwenye mfuko usiopitisha maji.

Boti waichukue ya kwanza ya asubuhi. Manati bado wamelala, tope limetulia, makundi mengine hayajafika. Wachague boti ambayo mwongozaji anaingia majini pamoja nao na inabeba watu wachache. Sita ni sawa. Fimbo ya kamera waiache, ikimgusa manati hesabu yake ni kumchokoa. Kamera ifungwe kifundoni mwa mkono, flashi izimwe.

Kuzamia kwingine wakuweke mwanzoni mwa safari. Ukizamia mara kadhaa, subiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Snorkeli haina masharti hayo, kwa hiyo manati wakae siku ya mwisho. Wakitoka Crystal River asubuhi, jioni wanaweza kuwa uwanja wa ndege wa Tampa, mwendo wa saa moja na nusu hivi barabarani.

#18 Mama Twalha

Na wetsuti ya kukodi waijaribu siku moja kabla. Za saizi za watu wa kule zinabana kifua na kulegea kiunoni kwa akina mama wetu, na ikilegea kiunoni maji baridi yanaingia kila ukijigeuza. Dukani waombe ya kike, wachuchumae nayo, wainue mikono. Ikivuta shingoni mpaka kumeza mate kunakuwa shida, wapande saizi moja.